Mdomo wa Ng'ambo

Baba yake alimpa jina zuri, lakini mji mzima ulimwita Dobi, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono iliyokakamaa kwa sabuni na moto, na alikuwa na tabia moja iliyowaudhi watu wenye haraka. Ukimuuliza neno, kwanza anamaliza alichokishika. Kama ni kola, anamaliza kola. Ndipo anainua macho na kukuuliza ulikuwa unasemaje.

Chumba chake cha kazi kilikuwa upande wa mjini, jirani na ofisi za halmashauri. Ndani mlikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, beseni la wanga, kamba zilizopishana kutoka ukuta hadi ukuta, na kiti kimoja cha wateja ambacho hakukitengeneza mguu makusudi, maana mteja akikaa vizuri haondoki. Pasi zake zilikuwa mbili, zote za mkaa. Moja ikiwa kazini, nyingine ilikaa mlangoni ikipigwa na upepo ili mkaa ushike. Kabla ya kuigusisha kwenye nguo ya mtu aliipitisha kwenye kitambaa cha pembeni, aone kama inatoa masizi, kisha akaanza: kola, mabega, mikono, halafu kifua na mgongo. Waheshimiwa wengi wa halmashauri walivaa kazi ya mikono yake. Alijua nani ana shati moja jeupe analolizungusha vikao vyote, na nani amenuniwa na mkewe, kwa kuwa wiki hiyo mashati yalikuja na vifungo vilivyokatika. Hayo hakumwambia mtu. Dobi mwenye maneno mengi, alisema, hufua nguo zake mwenyewe tu.

Kwao kulikuwa ng'ambo ya mto. Watu wa ng'ambo ndio waliokuwapo kabla ya mji kuwa mji. Mji ulipokuja ulikalia ukingo mmoja, wao wakabaki ukingo wa pili, katikati likawekwa daraja jembamba ambalo kila msimu wa mvua mto ulilipanda na kulifunika. Watu wa mjini waliwaita "wenyeji," na walilitamka neno hilo jinsi mtu anavyomtaja mjomba aliyekuja kutembea akasahau kuondoka. Ajabu ya mambo, mgeni ndiye aliyekuwa kila mara akimwambia mwenyeji asogee kidogo. Nyumbani wenyeji walizungumza lugha yao, mjini walizungumza ya wote, na watoto wao walizichanganya mbili hizo wakidhani ni moja.

Sheria ilipotoa kiti katika halmashauri kwa ajili ya wenyeji, wanaume wa ng'ambo walikigombania. Ukoo huu ulisema ni wa kwanza kufika, ule ukasema ndio uliowaonyesha hao wa kwanza njia. Waliburuzana mpaka kiti kikaota vumbi. Wanawake walivumilia, wakachoka, kisha wakamtuma mmoja wao akakikalie wakati wanaume bado wanabishana. Wanaume walicheka, halafu walinuna, halafu wakaanza kuuliza kama na shida zao zinaweza kupelekwa kwa njia hiyo hiyo.

Wanawake hao walikuwa na kikao chao cha Jumapili alasiri, katika ghala kuukuu la halmashauri lililotelekezwa upande wa ng'ambo. Walilifagia, wakaliziba paa, wakaingiza mabenchi, na baada ya miaka hakuna aliyekumbuka kuwa si lao. Humo hapakuwa na kupiga kura. Jambo likiletwa, kila mmoja alisema lake, wakianza na mdogo wa wote na kupanda kwa umri, ili mdogo asijifiche nyuma ya maneno ya mkubwa. Mmoja akisema "bado," jambo lililala hadi Jumapili nyingine. Likishafikia neno moja, alikabidhiwa yule aliyetumwa halmashauri, na yeye walimwita mdomo. Mdomo ulibeba neno la ghala, haukubeba neno lake. Akiulizwa kule mjini jambo ambalo ghala halijalisema, jibu lilikuwa moja tu: "Nitarudi na jibu."

Mdomo wa kwanza alikuwa dada mkubwa wa Dobi, mkunga, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha hata anaposalimia. Siku moja halmashauri ilimuuliza kama wenyeji wangependa bomba la maji lichimbiwe penye lango la shule. Mkunga aliona ni jambo la heri, akakubali palepale. Bomba likaja, maji yakatoka, watu wakanywa. Jumapili iliyofuata akasimama Dobi, wakati huo mwanamke wa maneno makali na subira ndogo.

"Bomba ni zuri," alisema. "Mimi mwenyewe nimechota. Lakini leo amekubali zuri bila kutuuliza, kesho atakubali baya bila kutuuliza, na yote mawili tutayasikia redioni. Mdomo ukianza kufikiri peke yake, sisi tunakaa humu kufanya nini?"

Neno lake lilizunguka ghala zima likarudi bila kupingwa. Mkunga akaondolewa. Kwa kuwa aliyelalamikia mchuzi ndiye hukabidhiwa mwiko, wakamtuma Dobi. Tangu hapo ndugu hao wawili walisalimiana vizuri sana, na baada ya salamu hapakuwa na kitu.

Dobi alikuwa mdomo mzuri. Alikaa halmashauri kama alivyokaa mezani kwake, akisikiliza mpaka mwisho wa kola. Walimwita Mheshimiwa Nitarudi, wakacheka, wakazoea. Mwenyekiti wa halmashauri, mwanamume mnene asiye na roho mbaya ila mwenye haraka ya kwenda kula, alikuwa akimtania kwamba ng'ambo kuna mashine ya majibu na yeye ndiye anayeitia mafuta. Dobi hakujali. Kila Jumapili alipeleka maswali, kila kikao alirudisha majibu, na taratibu mji ukaanza kuona kwamba jibu la ng'ambo likishakuja halibadiliki, kwa hiyo afadhali kulisubiri. Na, tuseme kweli, alikipenda kile kiti. Alipenda karani alipolisoma jina lake kamili kwa sauti, jina la baba yake, ambalo mahali pengine popote halikutumika.

Neno moja alilibeba kila mwaka wa bajeti, na kila mwaka alirudi mikono mitupu: wodi ya wazazi ng'ambo ya mto. Zahanati ilikuwa mjini. Mvua zikishanyesha na mto ukapanda daraja, mwanamke mwenye uchungu alikaa ukingoni akingojea maji yapungue. Mkunga alifanya aliloweza kwa mikono yake, na mikono ya mkunga ina mwisho.

Mwaka uliotangulia, aliyekaa ukingoni alikuwa binti ya Dobi, mtoto wake wa pekee, aliyefanya kazi katika duka la kutoa fotokopi. Uchungu ulimshika wakati maji yako juu ya daraja. Walimlaza chini ya turubai, Mkunga akapiga magoti kwenye matope, Dobi akashika taa na hakuwa na la kufanya zaidi ya kushika taa. Mtoto alizaliwa akiwa ameshachoka. Alivuta pumzi chache, akaacha. Ng'ambo ya pili ya maji taa za zahanati zilikuwa zinaonekana, hata dirisha lililokuwa wazi lilionekana. Binti hakulisema tena jambo hilo, wala Dobi hakulisema. Sasa binti alikuwa mjamzito mara ya pili, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa vibaya.

Kikao cha bajeti kilifanyika katika ukumbi wenye feni iliyozunguka kwa kelele bila kuleta upepo. Mwenyekiti alikuwa amevaa shati la samawati ambalo Dobi alilipiga pasi jana yake, na tayari lilikuwa na mikunjo tumboni. Agenda zilikuwa zinaelekea mwisho alipojikohoza na kumtazama Dobi huku akitabasamu.

"Mama yetu wa ng'ambo," alisema, "leo nina habari yako. Fungu la wodi ya wazazi limepatikana. Itajengwa kwenu."

Watu wakapiga makofi. Dobi akashika ukingo wa meza.

"Ila kuna jambo," Mwenyekiti akaendelea. "Kiwanja chetu halali kule ni kimoja, lile ghala kuukuu. Tutalibomoa, tujenge hapo. Na sheria inataka mwakilishi wa wenyeji aseme ndiyo ndani ya kikao hiki. Kikao kikifungwa fungu halijapangiwa mahali, linarudi lilikotoka. Unasemaje, mama?"

"Nitarudi na jibu," alisema Dobi. Lilitoka lenyewe, kwa mazoea. Ukumbi ukacheka, hata karani.

Mwenyekiti hakucheka. "Mama, safari hii ukirudi hutatukuta. Si mimi niliyepanga hivyo, ningeweza ningekungoja. Nakuomba uniamini."

Alimwamini. Hilo ndilo lililokuwa baya. Angekuwa anadanganywa, angejua la kufanya.

Akaomba ruhusa, akatoka kwenye varanda, akasimama karibu na ubao wa matangazo na kumpigia simu Shangazi. Shangazi alikuwa dada wa mwisho wa baba yake aliyebaki hai, msokota kamba, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa ghala, yaani wa kusema mwisho. Simu iliita mpaka ikakaribia kukatika.

"Shangazi, shikamoo. Wametupa wodi."

"Marahaba. Wametupa, au wametuuzia?"

Dobi akamweleza yote, haraka haraka, akigeukia ukuta ili mlinzi asisikie. Upande wa pili ilisikika mikono ya Shangazi ikiendelea kusokota.

"Sasa unaniuliza mimi nikiwa nani?" Shangazi akasema hatimaye.

"Wewe ndiye mkubwa wetu."

"Mkubwa wa kusema mwisho, mwanangu. Hujaniletea wa kwanza wala wa katikati. Mimi peke yangu jikoni kwangu si ghala. Waambie wangoje."

"Hawangoji, Shangazi. Leo ndiyo leo."

"Basi wodi ndiyo itangoja. Si tumezoea kungoja?"

"Mvua zinakuja."

Mikono ya Shangazi ikaacha kusokota. "Najua zinakuja," alisema. "Nina macho. Usinifanye niseme peke yangu, mtoto wa kaka yangu. Nikisema leo peke yangu, ghala limekufa hata kabla hawajalibomoa." Akakata.

Dobi alibaki pale ameshika simu. Alijua vizuri kwamba wodi isingekamilika kabla ya binti yake kujifungua. Majengo ya halmashauri hujengwa kwa mwendo wa konokono mwenye mzigo. Msimu huu binti angejifungua kama alivyojaliwa, na wodi ingekuja kuwafaa wengine. Alilijua hilo kama alivyojua njia ya kwao. Lakini alipofumba macho aliliona lile dirisha la zahanati, liko wazi, lina taa, na maji katikati. Roho ilimuuma sana. Akarudi ndani, akasimama bila kukaa.

"Nakubali," alisema.

Safari hii hakuna aliyecheka. Karani aliandika. Mwenyekiti alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, na baada ya kikao watu ambao hawajawahi kumsalimia walimwita mama.

Jioni redio ikasema. Kesho yake chumba chake kilijaa wateja wa kumpongeza, wengine walileta nguo zisizo chafu ili wapate sababu ya kuingia. Mwenyekiti alileta mashati yake mwenyewe badala ya kumtuma dereva, akakalia kile kiti kibovu, akayumba, akasema, "Historia itakukumbuka."

"Kaa vizuri, utaanguka," Dobi akamjibu, na kuendelea na kola.

Kutoka ng'ambo hakuja mtu. Walipokutana darajani wanawake walimsalimia kama kawaida na kumuuliza hali ya binti. Hakuna aliyetaja wodi. Binti mwenyewe alipika, akala naye, akaosha vyombo, akalala. Dobi aliwafahamu watu wake. Jambo likinyamaziwa hivyo, linasubiri Jumapili.

Jumapili ghala lilijaa mpaka waliochelewa wakakaa kizingitini. Shangazi alifungua kikao bila mbwembwe.

"Mambo ni mawili. La kwanza ni la mdomo. La pili ni la wodi."

Muuza mkaa, mwanamke mcheshi aliyemletea Dobi magunia kila wiki, akaingilia. "Shangazi, kwa nini tusianze na wodi? Wodi ndiyo tamu."

"Ndiyo maana," Shangazi akasema. "Tukianza na wodi tutafurahi, na mtu aliyefurahi hahukumu. Mdogo wetu, sema."

Mdogo wa wote siku hiyo alikuwa msichana aliyemaliza shule juzijuzi. Akasimama, akavuta nguo yake. "Mimi nasema abaki. Wodi tumeililia miaka yote, sasa imekuja, tunamwadhibu aliyeileta? Nisameheni kama nimekosea."

Aliyefuata kwa umri kati ya waliokuwapo alikuwa binti ya Dobi. Alinyanyuka taratibu, mkono kiunoni, tumbo limeshatangulia. Hakumtazama mama yake.

"Atoke," alisema, akakaa.

Ghala likaguna. Wanawake wakasubiri aongeze, hakuongeza. Dobi aliyatazama magoti yake. Alikuwa amejiandaa kwa maneno ya watu wote, na hilo moja hakuwa amejiandaa nalo. Lilimchoma, akaona haya kwamba lilimchoma mbele ya watu.

Maneno yakapanda kwa umri. Mmoja alisema atoke, kwa kuwa ghala hili wamelinyang'anywa wakiwa jikoni mwao. Mwingine alisema atoke, ingawa moyo unamuuma. Mwingine alisema abaki, apewe onyo. Ilipofika zamu yake, Muuza mkaa alijikuna kichwa.

"Mimi huyu ananunua mkaa kwangu. Nikisema atoke, kesho atanunua wapi, na mimi nitamuuzia nani? Jamani mnanipa mtihani." Watu wakacheka. Yeye akaacha kucheka kabla yao. "Lakini atoke. Jibu letu la wodi lilijulikana, lakini kama tunaulizwa tu yale ambayo majibu yake hayajulikani, basi hatuulizwi."

Kisha akasimama Mkunga. Watu wakatega masikio.

"Abaki," alisema Mkunga.

Hakuna aliyetarajia.

"Sababu yake ilikuwa njema," aliendelea kwa sauti yake ile ya kuamrisha. "Nilikuwapo kule ukingoni, naijua sababu yake kuliko nyote. Mtu mwenye sababu njema husamehewa. Au sivyo?" Akamgeukia mdogo wake, akamtazama usoni, akakaa.

Hapo kila mwenye akili aliona mtego, kama ulikuwa mtego. Dobi akisamehewa kwa sababu njema, basi na bomba la maji lilikuwa sababu njema, na Mkunga alionewa, na aliyemwonea ni huyu huyu. Dobi aliutafuta uso wa dada yake aone ni huruma au ni ndoana. Hakuweza kupambanua. Walikaa miaka mingi bila kuzungumza, na alikuwa amesahau kuisoma sura ya dada yake.

Shangazi alisema karibu na mwisho, kwa kuwa siku hiyo wa mwisho alikuwa mwenye kesi.

"Tulikutuma mdomo, mwanangu, ukapeleka na kichwa. Mimi nilikukatia simu. Sijutii, ila nililala vibaya. Nasema utoke. Sasa sema lako, na neno lako ni sawa na la yeyote humu."

Ilikuwa kweli, neno lake lilikuwa sawa na la yeyote. Angesema "bado," jambo lingelala. Jumapili ijayo angesema tena "bado." Angeweza kukikalia kiti mpaka muda wake uishe, bila kuvunja kanuni hata moja, na karani angeendelea kulisoma jina la baba yake. Wanawake wote walilijua hilo, na hakuna aliyemharakisha. Walimngoja kama wateja wake walivyozoea kumngoja.

"Siku ile ya bomba nilisema maneno," alisema Dobi. "Sikuyasema kwa chuki, wala leo siyarudishi. Dada hakuonewa, na mimi sionewi. Yeye alikuwa na sababu yake, mimi nilikuwa na yangu, na zote zilikuwa njema, na hapana hata moja iliyopita humu ndani. Nitoke."

Shangazi akawauliza tena waliosema abaki, kwa kuwa neno lilikuwa halijawa moja. Msichana alikubali huku akifuta machozi. Mwenye onyo alikubali. Mkunga alichukua muda.

"Basi atoke," alisema. "Nilitaka tu kumsikia akinitaja bila kuniogopa."

Dobi alijisikia mwepesi na mtupu kwa pamoja, na hakupenda hata kimoja.

Jambo la pili halikuchukua muda. Waliulizana ghala likibomolewa watakaa wapi, wakabishana kuhusu uwanja wa nani una kivuli na mume wa nani ana kelele, wakamaliza. Neno la wodi likaanza kwa msichana na kupanda. Binti ya Dobi alisema ndiyo, mkono kiunoni. Muuza mkaa alisema ndiyo, ndiyo, na ndiyo. Mkunga alisema ndiyo, na sauti yake kwa mara ya kwanza ikawa ndogo. Dobi aliposema ndiyo yake kwa zamu yake, katikati ya wenzake wa rika lake, ilipita kama zilivyopita za wengine, na aliyefuata akachukua. Shangazi akafunga. Ile iliyoandikwa na karani kule mjini haikuwa imebadilika hata nukta, lakini sasa ilikuwa na wenyewe.

Pakabaki nani wa kutumwa. Muuza mkaa akamwonyesha Mkunga kwa kidole. "Tumrudishe huyu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Huyu hata wakimuuliza kama amekula, atasema nitarudi na jibu."

Ghala likapasuka kwa kicheko, na kicheko kikawa ndicho kibali. Lakini utaratibu ni utaratibu, ikabidi kila mmoja aseme. Dobi naye alisema. Aliona wivu, hakujidanganya kuhusu hilo, na alisema ndiyo kwa sauti iliyosikika mpaka kizingitini.

Walirudi nyumbani yeye na binti yake kwa njia ya juu, polepole, kwa sababu ya tumbo. Mvua ilikuwa bado, lakini harufu yake ilikuwapo. Binti alisimama kupumzika akiegemea ukuta wa nyumba ya watu.

"Mama, umenikasirikia."

"Nimekukasirikia," alisema Dobi. "Sana. Wengine wote nilikuwa nimewasamehe kabla hawajasema."

Binti akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa haki yake. Wakatembea tena. Kisha Dobi akasimama yeye, katikati ya njia, kwa kuwa lile ambalo hakulisema ghalani lilikuwa linamzuia kutembea.

"Nilikubali kwa ajili yako. Si kwa ajili ya ng'ambo. Nilipokuwa nje pale na simu, ng'ambo sikuiona. Nilikuona wewe chini ya turubai, na yule mtoto. Wodi haitakuwahi hata wewe, nilijua, na bado nikakubali kwa ajili yako. Humo ndani nilisema nilikuwa na sababu njema. Sababu yenyewe ndiyo hiyo."

"Najua, mama."

"Unajua?"

"Tangu jioni ile ya redio." Binti alimshika mkono, ule mkono mgumu, akauweka juu ya tumbo, labda kwa kumtuliza, labda kwa kuwa mgongo ulikuwa unamuuma na alitaka kuegemea. "Ndiyo maana nikasema utoke. Ningesema ubaki, na mimi ingekuwa kwa ajili yangu tu."

Dobi alilia pale pale njiani, waziwazi, bila kujifunika. Binti alimngoja amalize, kisha wakaendelea kutembea, kwa kuwa ilikuwa inakaribia saa ya kupika.